Hereni za Kijani

Jumamosi, 23 Mei 2020

Siku ya chapa imekwisha. Mgongo haufai tena. Ndama 241 tangu alfajiri hadi saa nane mchana, majirani kumi na wanne, barakoa zote mfukoni. Daftari la hesabu nilishika mimi, kama kila mwaka.

Wa Merrill: majike 270, ndama 208, madume 11. Jumla 489.
Wangu: majike 38, ndama 33. Jumla 71.

Jirani mpya, yule aliyenunua shamba la mtoni, aliuliza kwa nini ndama wangu wanapigwa chapa ya Merrill — T iliyolala, ubavu wa kushoto — wakati ni wangu. Merrill akamwambia, sasa tubadilishe chuma kila ndama wa saba, mlale hapa mpaka Jumatatu? Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Chuma kimoja ndiyo desturi yetu. Wake hereni ya njano sikioni, wangu ya kijani, na kila mtu kaunti hii anajua.

Miaka kumi na minne sasa. Niliacha jiko la mgahawa wa madereva wa malori, nikapeana mkono na Merrill Tvedt juu ya boneti ya pikapu lake: mshahara mdogo, lakini ng'ombe wangu wale nyasi zake bure. Nilianza na mitamba wanne. Wanne! Leo majike thelathini na nane. Hakuna aliyenipa hata kwato.

Ila bei. Kiwanda cha nyama kimefungwa, wafanyakazi wanaumwa. Ndama niliyemtarajia kwa dola 900, sasa wanasema 750, tena kwa bahati. Bibi Ekern, anayeniuzia eka zake 320, ananisubiri hadi mwisho wa Oktoba. Malipo ya kwanza 24,000. Ndama 33 kwa 750 ni 24,750. Nikilipa, nabaki na bei ya ndama mmoja. Inatosha. Nitakuwa na lango langu.

Jumatano, 3 Juni 2020

Serikali italipa wafugaji. Pesa za korona. Dola 33 kwa kila ng'ombe uliyekuwa naye kati ya Aprili na Mei. 71 mara 33 — 2,343. Si utajiri, lakini ni nyasi za majira ya baridi.

Ofisi ya kilimo imefunga milango, kila kitu kwa simu. Nilisubiri dakika arobaini nikisikilizishwa muziki wa vinanda. Merrill akaja na kahawa, akaniambia niache kujitesa. Kurtis, mwanawe, yuko kwenye kompyuta tayari, ataingiza wote pamoja, fomu moja, halafu mimi nitakatiwa changu. Kama tunavyofanya mnadani.

Ni kweli, mnadani ndivyo tunavyofanya. Chapa ni yake, cheki inaandikwa jina lake, naye ananiandikia yangu. Hajawahi kunipunja senti.

Nikakata simu. Nikarudi kwenye uzio.

Ijumaa, 10 Julai 2020

Tela jipya la ng'ombe limefika. Alumini, futi ishirini na nne, linang'aa kama kijiko. Kurtis amelizunguka mara tatu anapiga picha.

Nilimuuliza Merrill kuhusu pesa za korona. Akasema serikali ina mwendo wa kobe, binti yangu.

Jumanne, 18 Agosti 2020

Nyasi zimekatwa. Marobota 610. Vumbi hadi kwenye meno.

Pesa? Bado, anasema Merrill. Alisema huku akitazama tairi.

Alhamisi, 17 Septemba 2020

Gazeti la kaunti limechapisha orodha. Kila shamba, kila ranchi, nani kapata ngapi. Nililisoma posta nimesimama, mwanamke nyuma yangu akiniomba nisogee.

Ranchi ya Tvedt: dola 18,480. Zililipwa Juni 26.

Juni 26!

Nikagawa kwa 33 nyuma ya bahasha. 560. Nikagawa tena. 560. Nikaenda kukaa kwenye pikapu, nikagawa mara ya tatu, maana ningependa sana kuwa nimekosea.

489 na 71 ni 560.

Yaani wangu wamo. Wote, hadi ndama kilema. Wamehesabiwa, wamelipiwa, na lile tela nililolivuta mwenyewe mwezi wa nane mzima limenunuliwa sehemu kwa migongo yao. Na yule mzee ananitazamia tairi.

Ijumaa, 18 Septemba 2020

Nilimkuta Kurtis kwenye banda la mashine. Huyu nilimfundisha kuendesha trekta. Alipokuwa na miaka ishirini na demu wake kamkimbia, alilala kwenye kochi langu wiki nzima. Shangazi ndilo jina analoniita mpaka leo.

Nikaweka gazeti mbele yake. Nikamwambia nataka 2,343, leo, na tusahau.

Hakuona aibu. Angalau angeona aibu. Alifuta mikono polepole, akasema tatizo si pesa.

"Shangazi, ile fomu nimeisaini kwa kiapo. Nimeapa kwa serikali ng'ombe wote 560 ni mali ya ranchi. Nikikukatia wewe fungu, nimekiri kwamba nimeapa uongo. Hilo ni jela."

Nikamuuliza sasa kwa nini aliapa.

"Kwa sababu wana chapa yetu."

Nikamwambia wana chapa yenu kwa sababu majirani hawataki kubadilisha chuma! Akainua mabega. Akasema atanipa 5,000 Krismasi, aziite bonasi, ila kwanza nisaini karatasi. Alikuwa nayo droo ya juu. Imechapwa tayari. Inasema mimi ni mwajiriwa na sina mifugo yoyote katika ranchi hii.

Nimeisoma mara mbili ili nisije nikamsingizia. Sina mifugo yoyote.

Sikusaini. Nilikwenda pale kudai 2,343. Nimetoka nikiwa sina ng'ombe. Majike 38 kwa 1,350 ni 51,300. Ndama 24,750. Jumla 76,050. Kijana kaapa uongo kidogo, sasa inabidi aufanye kuwa kweli, na njia ya kuufanya kweli ni kunipora.

Merrill alikuwa mlangoni muda wote. Nikamwambia sema kitu. Akasema Kurtis ndiye anayeendesha mambo ya karatasi siku hizi. Kisha akaenda kuwapa mbwa maji. Mbwa walikuwa na maji.

Jumapili, 20 Septemba 2020

Lavonne amekuja na pai ya tufaha. Mke wa Merrill, miaka sabini na moja, hajawahi kuingia kwangu bila kitu mkononi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa msiba.

Akasema nisiivunje familia kwa dola elfu mbili. Akasema Kurtis ana watoto wawili. Nikamwambia Kurtis ana watoto wawili na ng'ombe wangu sabini na moja.

Halafu nikakumbuka. Kabla ya kompyuta, vitabu vyote alishika Lavonne. Kila aliponiandikia cheki ya mnada, alibakiza kipande chake cha kumbukumbu na kuandika juu yake kwa ule mwandiko wake wa shule ya Jumapili: Nadine, majike wake wawili. Nadine, ndama wake tisa. Wake! Vipande vya miaka tisa, kwenye sanduku la viatu, rafu ya juu ya kabati la jikoni. Nimeliona mara mia.

Nikamuuliza liko wapi.

Alitazama pai. Akasema alichoma kila kitu walipohamia kompyuta.

Nilimrudishia pai yake. Haijakatwa. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo maisha yangu yote, na ningefanya tena.

Jumatatu, 28 Septemba 2020

Nimepata nafasi ofisi ya kilimo, dirishani, kioo kati yetu. Mama mmoja mpole. Akaniuliza nina nini kuonyesha ng'ombe ni wangu. Hati ya kununulia? Wale mitamba wanne nilinunua kwa mzee aliyekwisha kufa, taslimu, wengine wote wamezaliwa hapa. Cheti cha chapa? Sina chapa. Kodi? Ndama wameandikwa kwenye kodi ya Merrill, mimi napata changu kama mshahara.

Miaka kumi na minne najisifu kwamba sihitaji karatasi kwa sababu nina akili ya hesabu. Mjinga mimi. Nilijua idadi ya ng'ombe wangu hata usingizini, na hakuna mahali popote duniani ilipoandikwa ila humu.

Nilimwonyesha daftari hili. Kurasa za hereni, namba kwa namba, mama na mwana. Akalitazama kupitia kioo kwa huruma. Akasema, dada, hili umejiandikia mwenyewe.

Akaniambia naweza kulalamika rasmi dhidi ya ile fomu. Wachunguzi watakuja. Lini? Labda mwakani.

Bibi Ekern hawezi kusubiri mwakani. Ana mpwa wake huko mjini anayetaka kuuza kwa watu wa nyumba za wikendi.

Ijumaa niliomba chapa yangu mwenyewe. Ada nimelipa. Majibu wiki nane. Hata ikija, kupiga chapa juu ya chapa ya mtu ni wizi, na mwizi atakuwa mimi!

Jumamosi, 10 Oktoba 2020

Malisho ya kaskazini. Nimekuta ndama mmoja sikio tupu. Nikadhani uzio. Wa pili. Wa tano. Tundu safi, limekatwa kwa koleo.

Nikaenda kwa gia ya pili hadi nyumbani kwa Kurtis. Alikuwa anachoma nyama, mke wake na watoto mezani. Akasema mnunuzi mwaka huu anataka masikio matupu, za njano zinatoka, za kijani zinatoka, wote sawa. Akaniuliza kama nitakula.

Masikio matupu. Ndama 241, chapa moja, hakuna hereni. Siku ya kupakia, mkaguzi wa chapa ataandika jina moja kwenye hati, lori litaondoka, na 24,750 zangu zitakuwa zimepanda humo zikila upepo.

Majike hajawagusa bado. Hao wanabaki ranchini, ana msimu mzima wa kuwashughulikia. Fedha ya haraka iko kwa ndama.

Nimeendesha kurudi huku natukana kwa sauti. Kisha nikanyamaza. Majike hajawagusa. Thelathini na nane wenye hereni za kijani. Kijana amekulia kwenye ranchi hii, lakini tangu apate kompyuta hajawahi tena kusimama malishoni akatazama ng'ombe wanafanya nini.

Ndama anamjua mama yake.

Jumanne, 13 Oktoba 2020

Nimempigia Amos Redfern, mkaguzi wa chapa. Miaka yote huja siku ya kupakia, huandika jina la Merrill, hunitania: na zile za kijani za Nadine, hizo ni mapambo? Sikumwomba upendeleo. Nilimuuliza swali moja: ndama akiwa ananyonya, unaamini nini, chapa au titi?

Akasema sheria inasoma chapa. Akasema tena, lakini mimi nina macho, na nitafika mapema.

Jumamosi, 24 Oktoba 2020

Saa mbili asubuhi. Theluji nyembamba, upepo wa kukata masikio. Naandika ndani ya pikapu, lile la zamani la Merrill, siku hizi naliendesha mimi. Vidole vyangu havitii.

Ya tangu alfajiri: malori matatu yamepangwa. Kurtis alikwisha kuwatenga ndama zizi la magharibi, wote 241, masikio matupu. Mama zao upande wa pili wa uzio wanalia hadi huwezi kusikia injini. Amos alifika na ubao wake wa karatasi. Nikamwendea mbele ya wote, nikamwambia kati ya hawa thelathini na tatu ni wangu, na naomba lango la kati lifunguliwe.

Kurtis akasema malori yanadai kwa saa. Dereva mmoja akaunga mkono. Wa pili akasema yeye analipwa hata akilala, fungueni tuone sinema.

Amos alimngoja Merrill. Merrill alikuwa ameshika nguzo ya lango kama amelewa. Hakusema fungua, hakusema usifungue.

Amos akasema, "Bila saini yangu hakuna lori linalotoka kaunti hii. Na mimi leo sina haraka."

Akafungua mwenyewe.

Saa mbili na nusu. Vurugu tupu. Ndama wanakimbia ovyo, majike wananusa na kusukuma kwa pembe. Jike namba 12, mjukuu wa mtamba wangu wa kwanza, amempata wake ndani ya dakika mbili na kumsimamia kama askari. Amos anatembea katikati yao polepole, kalamu sikioni. Kila anapokuta hereni ya kijani na ndama chini yake anachora mstari.

Kurtis yuko kwenye simu. Anaongea na uzio.

Saa tatu kasoro kumi. Amos kanionyesha kwa vidole: 29.

Saa tatu. 32. Aliyebaki ni yule kilema, wa jike namba 27. Yuko pembeni, anazunguka, anakosea, anapigwa teke na jike la njano. Njoo huku, mpumbavu wee. Huku.

Saa tatu na dakika tano. 33!

33. Nimeupiga usukani ngumi mpaka honi imelia, wote wamegeuka. Waache wageuke. Zile namba humu ndani ni za kweli. Zimekuwa za kweli miaka kumi na minne.

Saa tatu na robo. Amos kaja dirishani. Theluji kwenye sharubu. Akasema ameona, na hataona tofauti hata akiapishwa. Lakini chapa ni T iliyolala, na hati lazima isomeke T iliyolala. Anachoweza ni mstari mmoja chini ya karatasi: mali ina ubishi. Akiuandika, fedha ya ndama hawa 33 inazuiwa, haiendi kwa Merrill wala kwangu, mpaka mmoja wetu alete karatasi ya kuwaridhisha.

"Unayo karatasi, Nadine?"

Nikamwambia ninalo daftari.

"Lako mwenyewe."

Langu mwenyewe.

Kwa hiyo ndiyo hesabu. Nisipobisha, 24,750 zinaingia kwa Kurtis kabla ya chakula cha mchana. Nikibisha, zinafungiwa, na Jumamosi ijayo mpwa wa Bibi Ekern anauza eka zangu. Na huo mstari wa Amos utasomwa na watu, na mtu mmoja atauweka kando ya ile fomu ya Juni, na Kurtis anajua, ndiyo maana rangi yake ni kama theluji hii.

Nimemwambia aandike. Mali ina ubishi. Nimemwambia aandike kubwa.

Ameniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimepoteza shamba, sijapoteza hesabu. Ameitoa kalamu sikioni. Wino umeganda. Anaupulizia.

Mlango wa nyumba kubwa umefunguka. Lavonne. Hana koti, ana aproni, anatembea kwenye theluji na viatu vya jikoni. Amebeba kitu kifuani kwa mikono miwili kama anabeba kuku. Kurtis anamwambia kitu, hasikii au hataki. Merrill ameachia nguzo.

Ni sanduku la viatu. Lile la vipande vya cheki, la kahawia, lenye kamba.

Ulisema ulichoma, mama. Ulinitazamia pai ukasema ulichoma.

Sijui anampelekea nani. Amempita Kurtis. Amefika alipo Merrill, amesimama, wanatazamana, Merrill amenyoosha mkono — si kwa nguvu, kama mtu anayeomba chumvi. Lavonne anasema neno. Siwezi kusikia, ng'ombe wanalia.

Sasa anakuja huku. Ameliweka juu ya boneti, mbele ya kioo changu, pale pale tulipopeana mikono. Amos ameshusha kalamu. Merrill anamwita kwa jina, mara ya pili, ya tatu.

Hajageuka. Amefungua fundo la kamba. Ameshika kifuniko, vidole vyekundu kwa baridi, na ananitazama mimi kupitia kioo, na bado hajakiinua.